Kumkaribisha Mgeni Huanzia Barabarani

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8 Agosti, wananchi wa mikoa ya Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam hukutana katika viwanja vya Mwalimu Julius K. Nyerere mjini Morogoro kwa ajili ya maonyesho ya Nanenane. Hapo mkulima huona mbegu na zana, mfugaji huona madume bora, mvuvi hujifunza namna ya kuhifadhi samaki, na kiongozi hupata nafasi ya kusikia kwa masikio yake yale ambayo katika taarifa huandikwa kwa kufupishwa. Faida ya maonyesho haya haina ubishi. Tunalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba tunayapinga. Tunachotaka kukizungumzia leo ni njia ya kuyafikia, mahali pa kuweka magari, na namna ya kuondoka jioni.

Tuchukue mfano wa wananchi wawili. Wa kwanza ni mkulima wa miwa wa Ruhembe, wilayani Kilosa. Siku ya kilele huamka kabla ya alfajiri, akapanda basi dogo lililokodiwa na wanachama wenzake wa ushirika, wakafika Mikumi kungali na umande. Kutoka hapo huikata Hifadhi ya Taifa kwa kilomita 50 za barabara kuu, dereva akitazama kulia na kushoto asije akagonga nyati au twiga, kisha Doma, kisha Melela, hadi Msamvu. Wa pili ni mwananchi wa kisiwa cha Mafia, ambacho ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na kwa hiyo nacho kimo katika kanda hii. Yeye huvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati na nazi zake na mwani wake, akaishika barabara ya Kibiti hadi Dar es Salaam, akalala huko, na kesho yake akasafiri kilomita zipatazo 190 hadi Morogoro.

Wananchi hawa, mmoja akitoka magharibi na mwingine mashariki, hukutana mbele ya lango. Na hapo ndipo safari inapoanza kuwa ngumu. Sisi wenyewe tumekaa ndani ya basi la namna hiyo siku ya kilele. Kilomita 3 za mwisho zilituchukua muda mrefu kuliko zile 50 za mbugani. Wazee waliteremka wakaenda kwa miguu pembezoni mwa lami, kanga na kanzu zikiwa zimejaa vumbi. Basi lilipopata pa kusimama, hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa imekwisha. Tukakaa viwanjani muda wa saa mbili tu, kwa sababu dereva, naye alikuwa na haki, alitaka kuvuka hifadhi kabla ya giza. Mzee mmoja aliyekuwa amekusudia kuuliza juu ya ugonjwa wa miwa alirudi Ruhembe na swali lake mfukoni.

Hatusimulii haya kwa nia ya kuishtaki ofisi yoyote au mtu yeyote. Tunayasimulia kwa kuwa mzee yule ndiye aliyeandaliwa maonyesho. Ikiwa mabanda yamejengwa, bendera zimepandishwa na vipaza sauti vimefungwa, na yeye asipate nafasi ya kuuliza swali lake, basi kazi imefanyika nusu.

Wapo wanaosema kwamba msongamano ni dalili ya maendeleo, kwamba zamani magari yalikuwa machache na leo wananchi wanayo. Kauli hii ina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Wingi wa magari unaweza kweli kuwa dalili ya maendeleo, lakini kukosa mahali pa kuyaweka ni dalili ya kutopiga hesabu. Na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu.

Gari dogo moja, pamoja na nafasi ya kuingilia na kutokea, linahitaji kiasi cha mita za mraba 25. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo hekta moja, hata ikipangwa kwa kamba na chokaa, haiwezi kupokea zaidi ya magari 400, na isipopangwa hata 200 huona taabu. Sasa tuje mlangoni. Ikiwa kila gari linasimama nusu dakika, dereva apapase mfuko, apewe risiti, angoje chenji, basi kwa saa nzima mlango mmoja utapitisha magari 120. Magari 600 yakifika kwa wakati mmoja ili kuwahi hotuba, la mwisho litaingia baada ya saa 5. Na magari hayo 600 yakijipanga, kila moja likichukua mita 7, foleni itapita kilomita 4. Kumbe foleni ile tunayoilaani kila mwaka ingeweza kuhesabiwa mwezi Juni, mezani, kwa kalamu na karatasi.

Tuongeze hesabu moja zaidi. Watu 60 wakija kwa basi moja, wanahitaji nafasi isiyozidi ya magari madogo manne. Watu hao hao wakija kwa magari madogo, watatu katika kila gari, wanahitaji nafasi ya magari 20. Kwa hiyo anayekuja kwa basi ndiye anayetusaidia sote. Lakini desturi yetu ni kinyume. Gari dogo hupewa nafasi karibu na lango, na basi la wakulima huambiwa lisogee mbele, na mbele tena, hadi abiria wake watembee jua kali.

Hapa hatuna budi kusema neno kwa ndugu zetu viongozi, nasi tumo miongoni mwao kwa kazi ya Chama. Nafasi zilizo karibu na jukwaa hujaa mashangingi ya serikali, aghalabu moja kwa kila ofisa, yote yakitoka mji uleule kwa saa ileile. Tulifundishwa kwamba uongozi ni utumishi. Mtumishi hafiki karamuni akaketi mahali pa mgeni. Maofisa 10 wa idara moja wanaweza kabisa kupanda basi moja la idara, na nafasi walizoziacha zikapewa walemavu, wajawazito, wazee, na wenye mabanda wanaobeba mizigo mabegani. Wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya shida ya mafuta magari ya binafsi yalizuiwa kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Watu walinung'unika, lakini walitii, kwa sababu sababu yake ilielezwa. Taifa lililoweza hilo haliwezi kushindwa kupanga magari ya siku moja.

Wananchi nao hawana usafi wote. Nani anayetanua foleni, akaanzisha mstari wa pili na wa tatu kwenye njia ya wanaokuja? Nani anayechomekea mbele ya wenzake akidai ana haraka? Nani anayeegesha juu ya daraja la mfereji, akafunga kioo na kwenda kula nyama choma? Bodaboda hupakia na kushusha katikati ya lami, na wapiga debe huita abiria palepale. Sisi tuliosoma madrasa kabla ya shule tulifundishwa na masharifu wetu kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondoa njiani kitu kinachowaudhi wapitao ni sehemu ya imani. Ikiwa kuondoa mwiba kuna thawabu, mwenye kuweka gari zima njiani na ajipime mwenyewe.

Tunafahamu kwamba baadhi ya wasomaji watauliza: je, kuchelewa saa mbili au tatu ni jambo la kuandikiwa tahariri? Jibu letu ni kwamba barabara inayopita mbele ya viwanja vile si uchochoro wa mtaa. Ni barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam, inayobeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Malori ya mafuta hupita hapo usiku na mchana. Magari ya wagonjwa hupita hapo.

Morogoro haihitaji kukumbushwa maana ya lori la mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019, siku mbili tu baada ya Nanenane, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha walizidi 100. Chanzo cha msiba ule hakikuwa foleni ya maonyesho, wala hatutaki kuwasingizia marehemu au walio hai. Tunachosema ni hiki: yeyote aliyeiona Morogoro siku ile hawezi kuridhika kuona lori la namna hiyo limekwama baina ya mabasi, wauza maji, watoto wa shule na majiko ya mkaa. Likitokea la kutokea, gari la zimamoto litapitia wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hujengwa kwa majonzi.

Kuna hatari nyingine, nayo inamhusu mtu wa Ruhembe moja kwa moja. Dereva aliyepoteza saa tatu langoni hutaka kuzifidia njiani. Na njia yake ya kurudi inapita hifadhini, ambako wanyama huvuka barabara bila kungoja taa, hasa jioni. Hivyo kosa lililofanyika Morogoro mjini saa nne asubuhi hulipwa Mikumi saa moja usiku, na mnyama asiye na hatia, au abiria aliyesinzia.

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini Kenya, tangu mwaka 1970, hufanyika maonyesho ya magari na pikipiki yajulikanayo kama Concours d'Elegance, ambapo magari, mengi yao ya zamani, hupambanishwa kwa usafi na utunzaji. Kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Funzo la kwanza limo katika uchaguzi huo. Uwanja wa farasi una eneo pana la nyasi, na waandaaji wa jambo la magari walitafuta kwanza mahali penye nafasi ya magari. Kenya hiyohiyo imetupa na funzo la upande wa pili. Mashindano ya Safari yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, yalipelekwa Naivasha. Watu walimiminika kwa maelfu, na zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata safari ya kurudi Nairobi jioni ya mwisho iligeuka kuwa foleni ndefu ya kuchosha. Watu walikuwa wamepangiwa kuja, hawakupangiwa kuondoka.

Huko Goodwood, kusini mwa Uingereza, tangu mwaka 1998 hufanyika maonyesho makubwa ya magari ya kale. Wageni huegesha katika mashamba ya majani yaliyo jirani. Wanaokuja na magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1966 hutengewa uwanja wao, nao huwa sehemu ya maonyesho. Wanaokuja kwa treni huchukuliwa na mabasi kutoka stesheni ya Chichester. Foleni bado hutokea, lakini mgeni anajua aelekee wapi. Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mahujaji wetu wameuona Mina. Mwaka 2006 watu zaidi ya 300 walifariki katika msukumano wa Jamarati, na baada ya hapo daraja likajengwa upya kwa ghorofa, wanaoingia wakiwa na njia yao na wanaotoka wakiwa na yao. Na msiba wa Mina wa mwaka 2015 ukakumbusha kwamba hata mpango mzuri hauna budi kupimwa upya kila mwaka.

Lakini mwalimu tunayempenda zaidi yuko karibu. Ni mkulima wa Ruhembe mwenyewe. Muwa ukishakatwa haungoji. Kila siku inayopita shambani au njiani hupunguza sukari yake. Kama wakulima wote wangekata siku moja na kupeleka matrekta yote kiwandani asubuhi moja, foleni ingefika mlimani na sukari ingekauka ndani ya matela. Kwa sababu hiyo kila chama hupangiwa zamu na kiasi chake, mzigo hupita kwenye mizani, na trekta lililoshusha huondoka kuacha nafasi. Zamu hizo zina malalamiko yake, kama kila kazi ya binadamu, lakini hakuna mkulima hata mmoja anayetaka zifutwe. Basi ikiwa tunaweza kuupangia muwa zamu, vipi tushindwe kumpangia aliyeulima?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wahusika wa mikoa minne, halmashauri zake, jeshi la polisi na wasimamizi wa barabara.

Kwanza, nafasi ya magari ihesabiwe kabla ya mabanda kugawiwa. Idadi ya magari ya siku ya kilele ikadiriwe kwa kuhesabu ya mwaka uliotangulia, na mashamba yaliyokwisha kuvunwa jirani na mji yakodishwe kwa siku hizo chache, mwenye shamba alipwe haki yake.

Pili, fedha za kiingilio na za maegesho zisipokelewe barabarani. Zilipwe mapema, au ndani kabisa ya uwanja, gari likiwa limekwisha kuondoka kwenye lami. Mlango wa kuingilia usiwe wa kutokea.

Tatu, magari madogo yaachwe nje ya mji, na mabasi ya kuzunguka yachukue watu kutoka Msamvu na kutoka stesheni ya treni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro. Mtu wa Mafia akishafika Dar es Salaam hana tena sababu ya kulazimika kuishika barabara.

Nne, wilaya zipangiwe siku. Si lazima Kilosa, Mafia, Muheza na Kisarawe zije zote tarehe 8. Siku ya wilaya iwe na wataalamu wake wa kujibu maswali, ili asiyemwona mgeni rasmi asione amepungukiwa.

Tano, njia moja iachwe wazi wakati wote kwa zimamoto na wagonjwa, na asiwepo mkubwa wa kuipita, hata kama ana king'ora.

Maneno haya tunayaelekeza pia kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Maonyesho ya biashara ya Zanzibar, yafanyikayo mwezi Januari, sasa yana viwanja vyake Nyamanzi, na kila anayetoka Mjini anaijua barabara ya Fumba ilivyo jioni. Makunduchi nako, katika sherehe ya Mwaka Kogwa mwezi Julai, magari ya shamba na ya mjini humiminika kwenye kijiji kimoja kwa alasiri moja. Kisiwa hakina ardhi ya kupoteza, na kila gari linaloegeshwa limechukua nafasi ya mti au ya nyumba. Mabasi ya pamoja na zamu zinaufaa Unguja kuliko hata Morogoro.

Nasi tuna ndoto yetu. Nchi hii ina magari ya kale yenye historia kuliko bei yake: Scania zilizounganishwa Kibaha, malori ya Nyumbu yaliyobuniwa na wataalamu wetu, matrekta ya Valmet, mabasi ya Ikarus yaliyoitwa kumbakumba, Land Rover zilizobeba chanjo na masanduku ya kura, na magari ya mbao ya Zanzibar. Makumbusho ya Taifa huko Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na yamefanya vema. Lakini mengine yanaozea nyuma ya karakana, kuku wakitaga katika viti vyake. Ingekuwa heri siku moja yakusanywe, yasafishwe, yawashwe, vijana wayaone na kuwasikia mafundi waliyoyafufua mara mia kwa waya na ngozi. Hata hivyo hatuthubutu kuitisha maonyesho ya namna hiyo leo. Watakaokuja kuyatazama magari ya zamani watakuja na magari mapya, na hatujawa na pa kuyaweka.

Tuanze na hili lililo mikononi mwetu. Agosti nyingine itafika, na mzee wa Ruhembe ataamka tena kabla ya alfajiri. Akikuta pale Msamvu kibao kinachomwonyesha njia, kijana wa kumwelekeza mahali pa basi lake, na kivuli cha kungojea, atajua kwamba aliandaliwa. Ataingia, atauliza swali lake juu ya miwa, atajibiwa, na atavuka Mikumi kungali na jua.